Brashi ya Baba na Prosesa ya Bwera

Katika daftari langu mwanzo wa kisa hiki umeandikwa hivi: Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Nimefungua kompyuta. Chini yake nilipiga mstari kwa rula, kama mtu anayeanza somo jipya.

Nilikuwa kidato cha sita, na mtihani wa vitendo wa kompyuta ulikuwa umebakiza wiki tatu. Shuleni tulikaa watatu kwa kompyuta moja, na mimi, kwa haya zangu, ndiye niliyekuwa wa tatu, yule anayechungulia juu ya mabega ya wenzake. Kwenye mtihani hakuna mabega. Tegemeo langu lilikuwa kompyuta kuukuu ya mezani pale nyumbani. Ukifungua programu ya hifadhidata, ungeweza kwenda bombani, ukajaza jerikeni, ukarudi na kuikuta bado inafikiri.

Mwalimu aliniambia kompyuta ile inaweza kupokea prosesa, ule ubongo wake, yenye nguvu zaidi, akaniandikia namba ya prosesa hiyo kwenye kikaratasi. Shangazi, ambaye huuza vitenge Bwera, mpakani na Kongo, aliipata kwa fundi Mkongomani anayeuza vipuri sokoni. Nilikwenda kuichukua mwenyewe, shangazi akanifikisha kwake. Fundi aliitoa kwenye sponji, akanionyesha tumbo lake: vijiti vidogo vya rangi ya dhahabu, mamia, vimesimama wima kama nywele za mtu aliyeshtuka.

“Mama kidogo,” alisema, “hii miguu yake hapana gusa. Hata na kidole. Moja ikipinda, yote imekufa. Unasikia?”

Niliitikia kwa kichwa.

“Huyu hana mudomo?” akamuuliza shangazi, wakacheka. Njia nzima hadi nyumbani Kasese niliishika mapajani, ndani ya mkebe wa siagi, nikijibu moyoni mambo ambayo ningemwambia.

Sisi tulikaa kwenye kambi ya polisi. Baba, askari, ni mtu wa Lira, huko kaskazini, mama ni Mukonzo wa Bugoye. Kiswahili ndicho kilichokuwa katikati yao, na amri nyingi za kazini ziliingia nyumbani kupitia mlango huo. Jumamosi ilikuwa siku ya ukaguzi. Baba alitandika blanketi la kijivu sakafuni, akapanga viatu, mkanda, pasi, redio, hata kisu cha jikoni, na kila kitu kilipigwa brashi. Kwake kitu kikishafunguliwa hakirudishwi bila kusafishwa. Kosa langu la kwanza ni kwamba nilifungulia kompyuta pale pale, kwenye blanketi lake, kwa sababu ndipo palipokuwa na mwanga.

Nilitoa feni, nikainua kishikio, nikaitoa prosesa ya zamani na kuiweka kando. Ile mpya niliilaza kwenye sponji yake, miguu juu. Hapo mama akaita kutoka nje, “Maharage yanaungua, wewe!”

Nilisimama. Na hapa lazima niseme ukweli: nilimwona baba. Kabla sijafika mlangoni alikuwa amefungua kichupa cha mafuta ya bunduki, na brashi ndogo iko mkononi.

“Baba…”

“Sema!”

“Hakuna kitu.”

Nikaenda kwenye maharage. Niliepua sufuria, nikaongeza maji, nikasimama pale na kijiko kama mjinga. Niliporudi, prosesa mpya ilikuwa inang’aa.

“Ilikuwa chafu kama kuruta,” alisema, amefurahi kabisa. “Sasa weka.”

Haikuingia. Niligeuza, nikalinganisha alama ya pembeni, nikajaribu tena. Kwenye kona moja miguu ilikuwa imelala upande mmoja, kama majani waliyolalia mbuzi.

“Sukuma!”

“Baba, haisukumwi.”

“Kila kitu kinaingia ukisukuma.” Aliichukua, akaitazama bila kuona alichokuwa anakitazama, akanirudishia. “Huyo Mukongomani amekupa kitu mbovu. Kesho naenda Bwera. Na uniform. Ataeleza vizuri.”

“Afande, kula kwanza,” mama alisema. Humwita afande akimchoka.

Sikula. Mchana kutwa nilijaribu kuinyoosha miguu ile kwa sindano ya kushonea. Mmoja ulisimama, wa pili ukasimama, nikaanza kujisifu. Wa nane ulikatika. Haukutoa hata sauti. Ulibaki kwenye ncha ya sindano, mwembamba kuliko kope, na mimi nikalia kwa hasira: kwa baba na mafuta yake, kwa maharage, na zaidi kwa lile neno langu, hakuna kitu. Nilikuwa na maneno ya fundi yote kichwani, mpaka jinsi alivyoyatamka. Yangemtosha baba. Hayakuhitaji hata ujasiri wangu, ningeyarudia tu.

Jumapili asubuhi baba alikuwa ameketi kitandani, kiatu kimoja mguuni, sare imepigwa pasi. Nilikuwa nimepanga sentensi ndefu yenye samahani mbili. Ilitoka hivi:

“Si Mkongomani. Ni brashi. Aliniambia miguu isiguswe.”

“Uliona nikisafisha?”

“Ndiyo.”

“Na ukanyamaza?”

“Ndiyo.”

Aliutazama mguu usio na kiatu. “Basi sisi wawili tumeiua,” akasema, na akaanza kulegeza kamba za kile kiatu alichokwisha kukivaa.

Hakuomba radhi, na sikungoja aombe. Nilikwenda sebuleni, nikairudisha prosesa ya zamani, nikapaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, nikafunga feni, nikawasha. Iliwaka, na kelele zake zile zile. Nilifungua hifadhidata. Wakati inafikiri, nilichukua jerikeni nikaenda bombani, nikapanga foleni, nikajaza, nikarudi. Ukurasa ndio kwanza ulikuwa unafunguka. Nikakaa, nikaanza zoezi la kwanza.