Alichomwambia Mama Jukwaani

Wachezaji wenzake walimwita Ngazi. Jina hilo lilianza siku taa ya chumba cha kubadilishia nguo ilipoungua, na fundi umeme akaja mikono mitupu. Fundi alitazama huku, akatazama kule, akamwona kijana mmoja mrefu anafunga kamba za viatu. "Wewe hapo, hebu simama," akasema, akampa balbu. Kijana akaibadilisha bila hata kukanyaga kiti. Chumba kizima kikaangua kicheko, na jina lake la kwenye kitambulisho likafa siku hiyohiyo.

Kisa hiki kilipomkuta alikuwa na miaka thelathini na mitano, miaka kumi na mitatu katika klabu ileile ya mpira wa kikapu, akilinda chini ya kikapu. Magoti yalikuwa yamechoka, lakini akinyoosha mikono juu bado ilikuwa shughuli pevu kumpita.

Mikono hiyo alikuwa ameizoesha kazi tangu utotoni. Mama yake, mshonaji wa nguo, aliugua homa kali yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka minne, na alipopona hakusikia tena. Aliwalea Ngazi na mdogo wake wa kike peke yake, katika vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, na humo ndani maneno yalitoka mikononi. Ngazi alijua kusema njaa kwa vidole kabla hajajua kuitamka. Akigombana na mdogo wake, nyumba ilikuwa kimya huku mikono ikitukanana hewani kwa kasi ya ajabu. Majirani waliwasifu sana watoto wale kwa utulivu wao.

Basi akakua hivyo. Akizungumza kwa simu huibana simu kwa bega ili mikono ipate nafasi. Hata kuagiza mkate dukani, mikono hutangulia na mdomo hufuata.

Mama hakukosa mechi ya nyumbani hata moja. Alikaa mstari wa mbele, upande unaotazamana na benchi, viatu amevua. Kelele za watu hakuzisikia, ila mpira ulipodunda aliupata kupitia mbao za sakafu, ukapanda miguuni hadi kifuani. Sheria za mchezo hazikumwingia kichwani, alizipa muda akaachana nazo. Kila mchezo uliposimama, alimuuliza mwanawe kwa mikono, "Kuna nini?" Ngazi naye humjibu kutoka uwanjani: "Nimemsukuma mtu." "Wamepoteza mpira." "Kocha anataka tupumzike." Ilichukua sekunde mbili. Waamuzi wa zamani walimjua yule mama, wengine walimpungia mkono.

Kisha ligi ikaleta kanuni mpya. Meneja wa timu aliwasomea chumbani, miwani imeshuka puani: mchezaji yeyote atakayeonyesha, kwa neno, kwa ishara au kwa sura, kwamba hakubaliani na uamuzi, atapewa faulo ya kiufundi palepale. Mbili katika mechi moja, anatoka. Akizidisha, anafungiwa.

"Kwa sura?" mmoja akauliza. "Sasa mimi na sura yangu hii niliyozaliwa nayo nitaiacha wapi?"

Walicheka, na Ngazi akacheka nao. Yeye hakuwa mtu wa kubishana na waamuzi. Hakuona kama kanuni ile ilikuwa inamhusu.

Jumamosi moja alasiri walicheza na timu iliyokuwa ikiongoza ligi. Mwamuzi mkuu alikuwa mgeni, mtu makini aliyekaza uso, kanuni mpya ameishika kama ilivyoandikwa. Katika robo ya tatu alimpigia Ngazi faulo. Ngazi akafungua viganja viwili kando ya mapaja, jambo ambalo hufanya hata akiambiwa chai imekwisha. Filimbi ikalia tena. Faulo ya kiufundi.

"Nimefanya nini?" akamuuliza kocha.

"Mikono," kocha akamwambia. "Tafadhali, mikono!"

Robo ya nne ilikuwa imebaki dakika moja na ushee, timu yao iko mbele kwa pointi moja. Mchezaji wa upande wa pili akakata katikati kwa kasi, Ngazi akaruka wima, mikono imesimama juu kama nguzo mbili. Yule mtu akapita hewani, akapiga ukelele, akajitupa chini. Ngazi hakumgusa hata unywele. Filimbi ikalia, na kidole cha mwamuzi kikamwelekea yeye.

Akauma meno. Akasema moyoni, usimtazame, geuka, ondoka. Akamgeuzia mwamuzi mgongo, akafikiri amefanya la busara. Lakini kule alikogeukia ndiko mama yake alikokuwa, amesimama, na mikono yake inauliza: "Umefanya nini?"

Ngazi akajibu kabla hajafikiri. "Sijamgusa. Mwamuzi ameona vibaya."

Filimbi ya faulo ya pili ya kiufundi ilimpata mikono ingali hewani.

Alitoka uwanjani taulo kichwani. Timu ilifungwa kwa pointi nne. Siku ya pili barua ikaja, na shtaka lilikuwa limenenepa: kupinga uamuzi kwa ishara na, kwa kuwa alielekea jukwaani, kuwachochea watazamaji.

"Kuchochea nani?" Ngazi akamuuliza meneja. "Nilikuwa nasema na mama yangu."

"Najua. Ndiyo maana nataka tumpeleke mama mwenyewe, na mdogo wako atafsiri." Meneja akafunga mlango, akapunguza sauti. "Sikiliza, ndugu yangu. Pale hakuna hata mmoja anayejua alama zenu. Ulimwambia mama una kiu. Basi. Yamekwisha."

"Lakini sikusema hivyo."

"Ulichosema ni malalamiko. Ukikitamka mbele yao umejifunga kamba mwenyewe. Unanielewa?"

Alielewa, na ndiyo shida. Alikaa siku tatu akiligeuzageuza lile neno kiu. Alitaka kumweleza mama mapema, akashindwa aanzie wapi. Angemwambiaje mtu aliyewahi kumrudisha dukani na chenji iliyozidi kwamba safari hii anatakiwa kuufunika ukweli? Mdogo wake, aliyekuwa anauza dawa katika duka la dawa, aliambiwa na meneja. Aliomba ruhusa kazini, akaja.

Kamati ya nidhamu ilikaa saa nne asubuhi, ghorofa ya pili, katika chumba chenye meza ndefu na skrini ukutani. Wajumbe walikuwa wanne. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyewahi kucheza mpira huo mwenyewe, alisimama kumpokea mama na kumvutia kiti. Mama alikuwa amevaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku ile. Aliamini kwamba ameitwa kumtetea mwanawe, na hapo hakukosea.

"Mchezaji hatazungumza mpaka aulizwe," mwenyekiti akasema kwa upole. "Mama, tunaomba utuambie. Siku ile mwanao alikuambia nini?"

Binti akatafsiri swali. Mama akajiweka sawa kitini, akajibu polepole, kwa mikono mikubwa ya kuheshimu ukumbi: "Alisema hajamgusa yule mtu, na kwamba mwamuzi ameona vibaya. Nami nilikuwa karibu, niliona kwa macho yangu. Hajamgusa."

Binti alimtazama meneja, akamtazama kaka yake, akatazama meza.

"Anasema," akaanza, "anasema alimwambia ana kiu. Aletewe maji."

Alisahau jambo moja, au pengine hakuwa na namna ya kulikwepa. Mama yao alikuwa amesoma midomo ya binti yake kwa miaka thelathini. Aliliona neno maji likitoka pale, akalifuata na macho, na uso wake ukabadilika. Akapiga meza kwa kiganja mpaka glasi zikatikisika.

Ngazi akaona kinachokuja. Akatoa mikono chini ya meza amwambie, mama, tulia, mama, acha.

"Mchezaji," mwenyekiti akasema, "hakuna ishara humu ndani, tafadhali."

Akairudisha mikono chini. Akaifinya katikati ya magoti, akabaki anatazama.

Mama alisimama. Akanyoosha mikono juu, wima, kama mwanawe alivyokuwa ameruka. Kisha akamwendea katibu wa kamati, akapeleka kiganja karibu na mkono wa shati lake, akakizuia pale bila kugusa, akatikisa kichwa. Akaonyesha macho yake kwa vidole viwili, akaonyesha filimbi mdomoni, akapeperusha mkono kama anayefukuza nzi. Akamaliza kwa kumnyooshea kidole mwanawe. Hakukuwa na haja ya mkalimani. Hata mhudumu aliyekuwa ameshika birika mlangoni alielewa.

Meneja alifunika uso kwa faili.

"Kwa hiyo alikuwa anapinga uamuzi," mwenyekiti akasema, si kwa furaha. "Tutazame picha."

Wakaziwasha kwenye skrini, mara ya kwanza kwa kasi ya kawaida, mara ya pili taratibu. Yule mchezaji akaelea, akaanguka. Kati ya mkono wake na mkono wa Ngazi palionekana nafasi ambayo ungeweza kupitisha kitabu.

"Ni kweli," mwenyekiti akasema. "Hakumgusa. Mimi naliona hilo, na nadhani wenzangu wanaliona. Lakini hilo silo lililotuleta hapa."

Mama hakusikia sehemu ya pili. Alichoona ni picha, kisha vichwa vinne vikikubali. Akamshika mwanawe bega, akamtikisa, uso unang'aa. "Umeona? Wameona! Wote wameona!"

Hukumu ilisomwa akiwa bado anatabasamu. Mechi nane. Barua ya karipio ingemfuata mtafsiri. Binti alikuwa analia na hakutafsiri chochote. Wakati wa kutoka, mama alizunguka meza yote, akawapa mkono wajumbe mmoja mmoja, na kila mmoja aliupokea huku akitazama pembeni. Mwenyekiti aliushika kwa mikono yake miwili.

Kwenye ngazi za jengo, binti akamwambia kaka yake, "Mwambie wewe. Mimi siwezi."

Alimwambia nje, mbele ya duka la viatu, watu wanapita na kuwasukuma. Mama alimsoma mara mbili, akidhani amekosea.

"Lakini wameona hukumgusa."

"Wameona."

"Sasa?"

Ngazi alifungua viganja viwili kando ya mapaja, akabaki hivyo.

Alitaka kukata rufaa. Meneja hakumpa nafasi ya kukaa. "Rufaa ya nini? Unakwenda kulalamika kwamba umeadhibiwa kwa kulalamika? Watakuongezea mbili za kukufundisha kusoma kanuni." Mdogo wake alimpigia simu jioni ile kuomba msamaha. Akamwambia hana kosa. Na kweli, alipokaa akatafuta wa kumlaumu, hakumpata. Mwamuzi alifuata kilichoandikwa, mwenyekiti alimheshimu mama yake, na mama alisema ukweli.

Mechi nane zilikula karibu msimu wote uliobaki. Timu ilishuka hadi nafasi ya saba. Ngazi alifanya mazoezi na wenzake kila siku, na siku za mechi alikaa jukwaani kando ya mama, akimweleza mchezo. Zilikuwa siku nzuri kwa mama, kusema kweli. Hakuwahi kuelewa mpira wa kikapu kama miezi ile miwili.

Klabu ilimpa msimu mmoja mwingine, kwa sharti la kinywa kutoka kwa kocha: mikono. Ngazi akajifunza. Filimbi ikilia, huingiza vidole gumba kwenye mkanda wa bukta na kutazama sakafu mpaka mchezo uanze tena. Alifanya hivyo mazoezini, akafanya hivyo foleni benki, mpaka ikawa tabia. Kocha alimsifu mbele ya vijana.

Katika mechi ya kwanza ya msimu mama alimuuliza mara kumi na moja kuna nini. Mdogo wake ndiye aliyehesabu. Ngazi hakujibu hata mara moja. Alikuwa amemweleza mama kanuni nyumbani, na mama alisema ameelewa, lakini mikono yake nayo ilikuwa na mazoea yake. Mechi ya pili aliuliza mara tatu. Mechi ya tatu alikaa tu, viatu miguuni, mkoba mapajani.

Baada ya hapo alisema miguu inamsumbua, ngazi za uwanja ni nyingi, afadhali abaki amalizie nguo za watu. Ngazi alijua miguu haina neno. Alimwona asubuhi ileile amepanda kiti kutoa vitambaa juu ya kabati. Angeweza kumbishia. Alimwambia tu, "Sawa, mama, pumzika."

Sasa huenda mwenyewe na kurudi mwenyewe. Kesho yake wakati wa chai mama humuuliza mechi ilikuwaje. Zamani angelicheza lote upya hapohapo jikoni, kwa mabega na viwiko, mpaka chai ipoe. Siku hizi hunyanyua kidole kimoja: tumeshinda. Au hukilaza: tumefungwa. Mama husubiri kidogo, macho yakiwa kwenye mikono ya mwanawe, akidhani mengine yanakuja. Kisha huondoa vikombe, huketi kwenye cherehani yake, na kuanza kazi.