Mnara wa Taa Usio na Bahari

Kila mgeni aliyekuja kwetu aliuliza swali moja: bahari iko wapi? Mwanzoni nilieleza kwa utaratibu, kama mwalimu niliyekuwa. Baadaye nikachoka, nikawa najibu kwamba imeenda malishoni, itarudi jioni.

Mnara wetu wa taa uko nchi kavu, katika mji mdogo kando ya barabara ya Dadaab, na ukisimama juu yake utaona vichaka, vumbi na mbuzi mpaka macho yachoke. Zamani, kabla ya minara ya simu, taa iliwashwa pale juu ili madereva wa malori na wachungaji waliokuwa wakileta ngamia kisimani wasipotelee kwenye tambarare. Taa ikazimika, miaka ikapita, popo wakahamia. Nilipostaafu niliomba ufunguo, nikawafukuza popo, nikaanzisha makumbusho. Mimi ni mzaliwa wa bara, kwenye baridi na majani chai, lakini huko wazazi wamekwisha kufa na shamba liligawanywa bila mtu kunikumbuka. Mnara ukifungwa, sikuwa na sababu ya kubaki wala mahali pa kwenda. Sitalizungusha jambo hili: nilikuwa naogopa.

Wasaidizi wangu walikuwa wanawake wa pale mjini, wote wa kujitolea, wakiongozwa na muuza maziwa mmoja mwenye sauti ya kusimamisha lori. Mimi nilimwita mwenyekiti. Yeye aliniita abaayo, yaani dada, hata alipokuwa ananigombeza. Wao ndio walioleta kila kitu: vyombo vya maziwa vilivyosukwa kwa mizizi, kengele za mbao za ngamia, mikeka, na fito zilizopindwa za aqal, ile nyumba ya kuhamahama ambayo ngamia huibeba mgongoni. Nami niliandika kadi kwa mwandiko wangu wa ubaoni, nikazifunga kwa uzi kwenye kila kitu: "Mali ya makumbusho. Usiguse."

Ila hatukuwa na fikra moja kuhusu kazi ya makumbusho. Kwangu mimi, kitu kikishaingia mle kimestaafu. Kwao, kile kilikuwa chumba kizuri chenye kufuli, kisicho na mchwa wala mbuzi, cha kuwekea vitu mpaka vitakapohitajika. Ngamia akizaa, chombo kinaondoka. Wageni wakija, mkeka unaondoka. Vilirudi, hilo siwezi kukana, lakini vilirudi vikinuka moshi na maziwa, na nzi wakifuata nyuma kama wanafunzi walioletwa kutembezwa.

"Mwenyekiti, makumbusho si stoo!" nilifoka siku moja.

"Abaayo, chombo ikikaa bila maziwa inakauka, inabasuka," akanijibu bila kugeuka. "Wewe nataka kuonyesha watu maiti?"

Basi ikaja habari kwamba mkubwa mmoja wa serikali atatoka Garissa kuja kukagua. Akikuta makumbusho, tutaachiwa mnara. Akikuta chumba kitupu, utafanywa ghala la mbolea. Mbolea, katika mji ambao kitu pekee kinachopandwa ardhini ni nguzo za simu! Nilifagia, nikapiga deki, nikanyoosha kadi zote. Nilimtajia mwenyekiti siku ya ukaguzi, akasema haye, yaani sawa, inshallah, nami nikalala usingizi mnono.

Siku yenyewe nilifungua mlango nikakuta sakafu. Sakafu safi kwa kweli, yenye alama za duara pale vyombo vilipokuwa. Hata fito hazikuwepo. Mwenyekiti alikuwa na ufunguo wake, na siku hiyo, nilikumbuka nikiwa nimeshika kichwa, mjukuu wake alikuwa anaolewa. Kwa desturi yao wanawake hukusanyika kumjengea bibi harusi aqal yake, kila mmoja akileta fito, mkeka au chombo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimealikwa, na dera jipya nimeshona, ila harusi na ukaguzi vilikuwa havijawahi kukutana kichwani mwangu.

Mkubwa akafika, mwanamume mnene wa bara kama mimi, jasho likimtiririka shingoni. Akauliza bahari iko wapi. Kisha akachungulia ndani, akauliza vitu viko wapi.

"Vimetoka kidogo," nikasema.

"Vimetoka kwenda wapi, mama?"

"Harusini."

Nilimpeleka huko huko, ningefanya nini? Aqal ilikuwa imesimama uwanjani nyuma ya soko, na kadi zangu zikipepea kila mahali. Bibi harusi aliketi juu ya mkeka ulioandikwa usiguse. Watoto walipigania kengele iliyoandikwa usiguse. Mkubwa akaletewa sinia la wali na nyama ya ngamia, akamiminiwa maziwa, na kadi ya chombo ikatumbukia kikombeni mwake. Aliitoa kwa vidole viwili, akaisoma, akanitazama, akanywa. Akaomba kikombe cha pili.

"Chakula ni kizuri sana," alisema akijifuta mdomo, "lakini nimetumwa kukagua mnara, na mnara hauna kitu. Itabidi niseme nilichokiona."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Machozi yalinilenga, nikasingizia moshi.

Mwenyekiti hakudanganyika. Alisimama, akapaza ile sauti yake kwa Kisomali, na kabla sijaelewa nusu ya maneno, wanawake waliojenga ile nyumba walikuwa barabarani wakielekea mnarani na mavazi yao ya harusi, mkubwa akiswagwa katikati yao, kipande cha nyama kwenye mkono mmoja na kadi ileile kwenye mwingine.

Mle ndani kila mmoja alisimama juu ya alama ya kitu chake. Mmoja akaeleza chombo ambacho hakikuwepo, jinsi mama yake alivyokisuka njiani wakitoka Diff mwaka wa ukame. Mwingine akaiga mlio wa kengele, kok, kok, akasema kwa mlio huo alimjua ngamia wake hata vumbini. Wa tatu akamwambia kwamba huyo ngamia hakuwa wake, na ubishi ukaanza. Nilisikiliza nikiwa nimeduwaa. Kadi zangu hazikuwahi kusema lolote kati ya hayo.

"Na vitu vitarudi lini?" mkubwa akauliza.

"Harusi ni siku saba," mwenyekiti alisema. "Badaye narudi. Harusi ingine, natoka tena."

"Lakini makumbusho lazima yawe na kitu cha kudumu, mama. Ni kipi hapa kisichotoka?"

Mwenyekiti alitazama kuta, akatazama dari. Kisha akamnyang'anya mkubwa ile kadi yenye madoa ya maziwa, akaja moja kwa moja mpaka nilipo, akaifunga kwenye kifundo cha mkono wangu.

"Hii," alisema. "Hii ilitoka mbali, kwa baridi. Hii haitoki."

Mkubwa aliinama, akaisoma tena kwa sauti: mali ya makumbusho, usiguse. Nilitaka kucheka, nikalia mbele ya watu wote, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia. Mbolea ilipelekwa mji mwingine.