Mtu wa Nyumba Hasindikizwi

Mbwa wa baba yangu alikuwa anasindikiza wageni. Usicheke, nasema nilichokiona. Tulikuwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwenye ukimbizi, na mimi mtoto wa kuchunga ndama. Mbwa mwenyewe mwekundu, sikio moja halipo, na kila mtu alikuwa na hadithi yake lilikokwenda. Mgeni akija anabweka mara moja, basi, anarudi kulala karibu na moto. Mgeni anakunywa, anaongea, anaaga. Unajua sisi tunavyoaga. Mara ya kwanza ni maneno tu. Mara ya pili unasimama, halafu unakumbuka habari nyingine, unakaa tena. Mara ya tatu ndiyo unakwenda kweli. Yule mbwa alijua. Zile mbili za kwanza hafungui hata jicho. Ya tatu anainuka, anajinyoosha, anamtangulia mgeni mpaka kwenye kichuguu kikubwa njia inapogawanyika. Hapo anageuka, anarudi kulala. Lakini akitoka mtu wa nyumbani, hata baba mwenyewe akienda mnadani siku tatu, mbwa hanyanyui kichwa. Mama alikuwa akisema huyu mbwa ana adabu kuliko mjomba wenu. Mjomba naye... ya mjomba niyaache, yatatupeleka mbali.

Mbwa huyo nilimsahau miaka mingi. Nimemkumbuka uzeeni, hapa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Kongo, katika nyumba ya binti yangu, ambamo hakuna mbwa.

Nilikuja kwa binti yangu mke wangu alipofariki. Si vizuri mzee kukaa kwa mkwe wake, najua, na watu walisema. Lakini binti anafundisha shule ya msingi kule Kanama, anaondoka na basi la asubuhi, anarudi jioni amechoka sauti. Na kuna wajukuu wawili wa kike, wakati ule mkubwa ana miaka tisa, mdogo mitano. Mkwe wangu ni fundi wa vigae. Mtu wa mji huuhuu, Kiswahili chake cha hapa mpakani, changu cha Karagwe, tulikuwa tunachekana. Kazi za hapa zikapungua, akapata Kigali, kwenye maghorofa. Binti akaomba kuhamishiwa shule za kule, akaambiwa asubiri barua. Barua haikuja. Basi, mama huku, baba kule, na mimi na watoto katikati.

Mwanzo aliondoka kama mtu anayekwenda kazini. Jumapili, chakula kikiisha, anatupa begi begani. "Bon, naenda." Mke wake anajibu kutoka jikoni, "Haya, usisahau sweta." Imekwisha. Hakuna aliyesimama. Baada ya wiki mbili anarudi Jumamosi, anavua viatu mlangoni, anakwenda moja kwa moja kufunua sufuria aone kuna nini.

Aliyeharibu ni mimi. Niliona aibu. Mwanaume anatoka kwake kwenda kulala peke yake na vumbi la vigae, na mimi nimekaa kwenye kiti chake namwangalia! Jumapili moja nikasimama, nikashika lile begi.

"Aa, Muzee, wacha! Watu watasema nini, muzee ananibebea begi?"

"Watasema umeoa vizuri. Nakusindikiza kidogo tu, mpaka kona."

Akacheka. Watoto nao wakavaa viatu. Mara hiyo tuliishia kweli kwenye kona, penye duka la mkaa. Mara iliyofuata tukapita kona. Ya tatu tukafika gare, magari ya Kigali yanapoanzia, na pale akawanunulia wasichana sambusa za moto. Wakampungia mikono gari likiondoka, vidole vinang'aa mafuta. Kuanzia hapo ikawa sheria. Jumapili ya Papa, ndivyo wanavyomwita baba yao, ni Jumapili ya sambusa.

Binti yangu aliona kabla yangu. Tulikuwa tunachambua maharagwe, akaniuliza bila kuinua macho:

"Baba, kwani yule ni mgeni?"

"Ni heshima, mwanangu."

"Mi naenda Kanama kila siku, mbona hakuna anayenishikia begi?"

"Wewe unarudi jioni."

Akatupa punje mbovu. "Na yeye harudi?"

Sikuacha kumsindikiza. Nilipenda ile safari, nisidanganye. Mzee hana pa kwenda, akipata njia anaifuata.

Nyumba nayo ikaanza kumbadilikia mkwe wangu polepole. Nilikuwa natengeneza kila kitu kabla hajafika, bawaba ya mlango, bati linalovuja, ili apumzike. Akifika anazunguka na mikono yake mikubwa, hana pa kuiweka. Siku moja akauliza nyundo iko wapi, na yule wa miaka mitano akamshika kidole kumwonyesha. Nyundo aliyoinunua mwenyewe! Binti akawa anamkaangia sambaza, wale dagaa wa ziwani, anapokuja, siku nyingine tunakula majani na maharagwe. Maji yake yakaanza kuletwa kwenye glasi, ile iliyokaa kabatini. Akaacha kufunua sufuria. Akawa anakaa, anangoja kuitwa. Wiki mbili zikawa tatu, tatu zikawa mwezi.

Sikumaliza habari ya mbwa. Nilipokuwa kijana nilikwenda Bukoba kubeba magunia ya kahawa, narudi nyumbani mara mojamoja. Safari moja nimekwisha kuaga, naangalia, mbwa ameinuka. Amejinyoosha. Ananitangulia kwenye njia, mkia juu. Nilimtupia jiwe, nikampata ubavuni, na yeye akasogea pembeni tu, akaendelea kunisindikiza mpaka kichuguuni. Baba aliona. Akasema, "Usimpige. Yeye anaangalia tu nani anaingia na nani anatoka." Mwezi ule niliacha magunia, nikarudi kwetu kwa ng'ombe. Watu walidhani nimechoka kazi. Sikuwaambia ni mbwa.

Mkwe wangu hakuwa na mbwa wa kumwambia. Alikuwa na mimi.

Wengine hapa mtaani wanasema ana mwanamke Kigali. Inawezekana, sijui, sikumwona. Alipoondoka mara ya mwisho, simu yake ilipokelewa siku chache, kisha ikawa haipatikani, na binti yangu alipokwenda kule kwenye maghorofa wenzake wakamwambia alishahamia kazi nyingine, hawajui wapi. Yote hayo nayasema sasa, kwa sababu nikifika kwenye Jumapili ile sitakuwa na cha kuongeza.

Alifika Jumamosi mchana, amekonda kidogo. Hata begi hajaliweka chini, yule mdogo akamkimbilia, akamkumbatia miguu.

"Papa! Tutakusindikiza saa ngapi?"

Tukacheka wote. Hata yeye.

"Sijakaa, munanifukuza?"

"Si kesho? Na sambusa?"

"Kesho," akasema, akamshika kichwa. Mke wake alikuwa ameacha kucheka. Mimi nilichelewa kidogo.

Jumapili tulikula. Akala vizuri, akajifuta mikono, akachukua begi. Wasichana walikuwa wameshavaa viatu, mkubwa ameniletea fimbo yangu. Akatuangalia pale mlangoni, tumejipanga kama watu wa harusi.

"Leo hapana," akasema. "Mubaki."

"Papaaa!"

"Mubaki. Mi niko mutu wa hapa. Mutu wa nyumba hasindikizwi, si ndiyo, Muzee?"

Nilitaka kusema ndiyo, mwanangu, nilitaka kusema nisamehe, basi funua sufuria uone kilichobaki. Nikasema, "Ndiyo."

"Donc, mukae."

Binti yangu akatokea jikoni, mikono ina maji. "Umechukua sweta?"

"Nimechukua."

Nikakaa kwenye kiti. Watoto wakakaa chini na viatu vyao, mdogo amevimba mashavu. Yeye akatupa begi begani kama zamani, akashuka njia bila haraka, akamsalimia muuza mkaa, akakata kona.

Hakurudi tena.