Mgeni Niliyemfunga Kitambaa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukiheshimu mno kitabu. Nilipewa na mwalimu mmoja wa Mbeya aliyekuwa akihama: kitabu cha Kiingereza juu ya udongo, jalada la kijani limebanduka pembeni. Nikakifunga kitambaa kama Biblia ya kanisani. Sikukigusa kabla ya kunawa mikono. Na nilijiwekea sheria kwamba sitafunua ukurasa wa pili mpaka ukurasa wa kwanza niuseme wote bila kukosea neno.

Hakuna aliyenifundisha hivyo, na hiyo ndiyo hasara ya kujifundisha mwenyewe. Kwenye mafundisho ya kipaimara tulikariri maswali na majibu ya imani, na aliyejibu neno kwa neno alisifiwa mbele ya wenzake. Nilisifiwa sana. Nikadhani kusoma kote ni kule.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na kukosa nafasi ya kuendelea. Baada ya mavuno kungekuwa na mtihani Iringa, wa kuchagua vijana wa kufundishwa kazi ya bwana shamba. Niliitaka nafasi ile kuliko chakula.

Mvua zilipoanza, nilikuwa bado katika sura ya kwanza.

Tulilima shamba la mama mlimani, mimi na dada yangu, aliyenizidi umri na ulimi pia. Siku hiyo nilikuwa nikipiga jembe huku nakariri kwa Kiingereza, kwa sauti.

“Unamhubiria nani?” akauliza.

“Nasoma.”

“Na kitabu kiko wapi?”

“Kichwani, dada.”

“Haya, kinasemaje?”

Nikaanza upya kwa Kiingereza, nikivuta pumzi vizuri mahali penye mkato. Akainua mkono kunizuia. “Hapana, baba. Kinasemaje kwa Kisafwa chetu?”

Nilijua kila neno na lile linalolifuata, lakini maana yake yote pamoja sikuijua.

“Kinahusu udongo,” nikasema mwishowe.

Akatazama miguu yake iliyozama kwenye tope. “Huu?” Kisha akacheka hata akaegemea mpini.

Nyumbani kwetu mgeni akiingia haachwi akae kimya. Anapewa kigoda, halafu anaulizwa: umetoka wapi, huko mvua imenyesha, ng'ombe ni wazima, umekuja kwa jambo gani? Akimaliza kueleza, mama hurudia aliyoyasikia kwa maneno yake mwenyewe, “Kwa hiyo unasema daraja limechukuliwa na maji, ukazungukia juu,” na mgeni hukubali au husahihisha. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

“Yule mgeni wako,” dada akasema akifuta machozi ya kucheka, “umemfunga kitambaa, umemweka kwenye sanduku, na hata hujamwuliza ametoka wapi. Ningekuwa yeye ningeshaondoka zamani.”

Niliona uchungu siku nzima. Kesho yake, tulipotoka shamba, niliketi barazani na kitabu, na kwa hasira tu nikakiuliza: umekuja kwa jambo gani?

Ili nipate jibu ilinibidi nifunue hadi mwisho. Nilijisikia kama mwizi. Nikapita vichwa vya sura kimoja baada ya kingine: jinsi mwamba unavyogeuka udongo, jinsi maji yanavyouchukua, jinsi ya kuuzuia, jinsi ya kuulisha. Kitabu kilikuwa safarini! Kilitoka mahali, kinakwenda mahali, na mimi miezi yote nilikuwa nimekishika shati pale mlangoni.

Nikachukua penseli. Nilisitasita sana, nikaitazama njia kama kuna mtu anakuja. Kisha, pembeni mwa sentensi iliyosema kwamba maji ya mbio hubeba udongo mwingi kuliko maji ya polepole, nikaandika kwa herufi ndogo mno: Kweli? Paa halikuniangukia.

Mvua ya siku iliyofuata ilitukuta shambani. Sehemu ya juu tulikuwa tumekata matuta kuukinga mteremko, kwa amri ya serikali, dada akinung'unika kila tuta. Pembeni, kwa uvivu wangu, nilikuwa nimelima mstari ulioteremka moja kwa moja. Nikasimama nikilowa. Nyuma ya matuta maji yalituama, karibu meupe. Katika mstari wangu yalishuka mekundu kama damu ya ng'ombe, yakibeba hata mbegu zetu za maharage. Nikapiga kelele.

Dada akaja mbio. “Siafu?”

“Ukurasa! Dada, huu ni ukurasa!”

“Mama yangu,” akasema, “kimempanda kichwani.”

Tangu hapo sikuweza kunyamaza. Nilisoma sura, nikakifunga kitabu, nikamsimulia dada akichambua maharage, kama mama anavyorudia maneno ya mgeni. Mambo ya udongo hayakumpendeza hata kidogo. Lakini alipopiga mwayo, mara nyingi nilikuwa nimefika mahali nisipopaelewa, ninazungushazungusha maneno, nami nikarudi kitabuni kupatafuta. Sentensi ngumu niliziruka, nikatia alama, nikazirudia baadaye. Nyingi zilikuwa zimelainika zenyewe. Kuruka kuliniuma kama dhambi. Niliruka hivyo hivyo.

Mavuno yakaisha. Nilipanda basi hadi Iringa, vumbi mpaka kwenye kope, nikalala kwa shangazi, mtaa wa Kihesa. Asubuhi tukaingizwa katika ukumbi, vijana wengi, wengine wamevaa viatu.

Swali la kwanza lilisema: mkulima wa mlimani anakataa kukata matuta, utamweleza nini? Niliogopa. Hofu ikanirudisha nilikotoka, na mkono wangu ukaanza kuandika sura ya kwanza tangu mwanzo, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu mzuri wa kipaimara. Nilijaza nusu ya karatasi. Kisha nikaisoma, nikamwona dada akipiga mwayo.

Nilikuwa sijawahi kukata maandishi yangu mbele ya watu. Doa moja lilitosha kunifanya nichane daftari zima. Siku ile nilipiga mstari juu ya nusu karatasi, kutoka pembe hadi pembe, msimamizi akinitazama.

“Kijana, karatasi ni moja tu,” akasema.

“Najua, bwana.”

Nikaandika chini yake, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kwa mkulima aliye na mgongo unaouma na ulimi mkali. Nikamwambia aje wakati wa mvua, asimame kati ya matuta na mstari unaoteremka, atazame rangi ya maji. Nikaandika kwamba mbegu zake za maharage zinapita na maji yale. Niliandika mbio hata nikasahau kuogopa, na kengele ilipolia nilikuwa bado na la kusema. Swali la mwisho sikulifikia.

Nilirudi nikiamini nimeshindwa kwa sababu ya ule mstari. Nilimwambia dada hivyo, naye akasema basi kuna jembe, lipo linaningoja. Halikuningoja sana. Nafasi niliipata.

Sasa niko kwenye mafunzo, na vitabu ni vingi. Bado nanawa mikono kabla ya kusoma. Lakini naanza kwa kutazama kitabu kinakwenda wapi, naandika maswali pembeni, naruka kisha narudi, na sihesabu kwamba nimesoma sura mpaka nimeifunga na kumweleza mtu. Kile cha kijani kimejaa penseli kila ukurasa, na hakuna ukurasa wake hata mmoja ninaoweza tena kuusema wote kwa kichwa.