Alama Tisa za Charo

Kabla mtaa wetu wa Utange haujajaa nyumba za kupanga, mtu hakuanza msingi bila kumwita Charo. Alikuwa mchimba visima. Alikuja na mtaimbo wake, akazunguka kiwanjani akiudunga ardhini, kisha akasema: hapa jenga, hapa waachie maji. Alipewa kuku, na neno lake halikupingwa. Siku hizi mtu hununua kiwanja kwa kutazama picha.

Januari iliyopita vijana wa shirika moja la misaada walikuja kuijaribu ramani yao ya mafuriko. Huchorwa na wakazi wenyewe kwa simu: mmoja huweka alama penye hatari, majirani wawili huthibitisha, na siku ya mafuriko mashua hufuata alama. Charo alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mkewe, Kadzo, alikuwa amepooza mwaka wa nne, na nyumba yao iko bondeni. Alitaka mashua iijue njia.

Aliweka alama tisa, zote pale palipokuwa na ziwa kabla halijafukiwa kwa kifusi. Wapangaji wakaulizwa kwenye simu zao kama hapo pana maji. Wakatazama chini, wakaona vumbi, wakajibu hapana. Elkana, kibarua wa bandarini Kipevu aliyehamia mwaka juzi, alisimama katikati ya lile ziwa.

"Mzee Charo, mbona sioni samaki?"

Watu wakacheka. Charo naye akacheka.

Jioni Samah, binti aliyesimamia jaribio, alimwamkia kwa adabu, kisha akamweleza kwamba alama zote zimekataliwa na mtambo umemweka katika kundi la watu wasioaminika. Yeye hakuwa na uwezo wa kumtoa.

"Binti yangu," Charo alimwambia, "ardhi haipigiwi kura."

Mwezi wa Mei mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na ziwa likarudi mahali pake. Charo aliweka alama juu ya nyumba yake, kwa simu aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo tu. Simu ikamjibu asubiri majirani wathibitishe. Majirani tulikuwa tumekwisha kukimbilia barabarani. Mashua ikaenda penye alama nyingi.

Alimpandisha Kadzo juu ya meza, akasimama akimshikilia tangu asubuhi hadi alasiri, maji yakimfika kiunoni. Aliyewafikia ni Elkana, kwa miguu, maji kifuani. Wakang'oa mlango, wakamlaza Kadzo juu yake, wakamsukuma mpaka nchi kavu. Siku ya tatu Kadzo alikufa kwa kifua.

Juni Samah alirudi. Alama zote tisa sasa zilikuwa zimethibitishwa, na watu zaidi ya sitini. Aliomba radhi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kweli. Charo akataka aonyeshwe nyumba yake kwenye ramani. Samah akamsomea: wakazi wawili, mmoja mgonjwa wa kubebwa.

"Andika mmoja," Charo akasema.

Samah akabonyeza, akasubiri, akainamisha kichwa.

"Yataka majirani wawili wathibitishe, baba."

Elkana akatoa simu yake, akathibitisha. Kisha wote watatu wakanitazama mimi. Simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya kupiga na kupokea tu.