Rimu Kubwa Ndani ya Blanketi la Mama

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na herufi nitakazozikosea. Shule niliishia darasa la sita, na mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu. Naandika polepole, sentensi moja naweza kukaa nayo mpaka chai ipoe. Lakini jambo hili la majira ya baridi yaliyopita limenikaa kooni kama mafuta yaliyochacha, na kwa mdomo siwezi kulisema. Mbele ya watu mimi hunyamaza.

Ninafunga matairi katika karakana moja karibu na Albert Park, hapa Durban. Kaka yangu mkubwa ana gari jeusi lenye rimu za inchi ishirini. Rimu ni kubwa mno, na mpira uliozizunguka ni mwembamba kama mkanda wa suruali. Kila Jumapili kabla ya kanisa huzisugua kwa mswaki wa meno, kisha huzitemea mate na kuzing'arisha kwa kitambaa. Mswaki huo huurudisha bafuni, kwenye kikombe kimoja na miswaki yetu. Nimeacha kutumia kikombe kile. Sijawahi kumwambia kwa nini. Tangu baba afariki, kaka ndiye anayesema nyumbani, sisi wengine tunaitikia.

Mwezi wa saba tulitakiwa kupeleka mahari yake. Baba wa mchumba ni Mkongo mwenzetu, anatunza mashine kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, ng'ambo ya milima, njia ya kwenda Johannesburg. Mama alikuwa lazima aende, kwa kuwa mzee alisema hatapokea kitu bila kumwona mzazi. Mama ana pumu. Baridi kidogo tu, kifua kinapiga filimbi.

Wiki hiyo redio ilisema theluji inaanguka milimani. Hapa Durban watu walicheka, wakiwa na mashati ya mikono mifupi. Mimi sikucheka. Karakanani kwetu kulikuwa na matairi ya theluji yaliyokuja na kontena kutoka Ulaya, yamelala kona bila mteja. Yana alama ya mlima wenye nyota ya theluji ndani yake. Nilisoma kwenye kila moja namba za mwaka lilipotengenezwa, nikayaacha ya zamani, maana mpira ukizeeka hukauka, na alama ile haisaidii tena. Nikapata manne mazuri, yenye meno marefu.

Yalitaka rimu ndogo. Nilijaribu za inchi kumi na tano, zikagusa chuma cha breki. Za kumi na sita zilipita. Rimu ikiwa ndogo, mpira unapata nafasi ya kuwa mnene kwenda juu. Unalainika juu ya mashimo, na kwa kuwa tairi si pana, linakata theluji mpaka chini badala ya kuelea juu yake. Kimo cha gurudumu zima kinabaki kilekile. Nilizipaka rimu zile rangi nyeusi nikazifunga kwenye gari la kaka. Nilijivunia kimyakimya.

Kaka, ambaye huniita petit, yaani mdogo, alipoona alishika kichwa.

"Petit, ni nini hii? Umenivalisha gari viatu vya shule?"

"Ni kwa sababu ya mlima, kaka. Na mama."

"Eish! Beau-père atasema binti yake anaolewa na muuza mkaa." Akazunguka gari mara mbili, kisha akatabasamu. "Basi sharp. Tutapanda nazo. Lakini zangu zinakuja nyuma. Tukikaribia kwa mzee, unabadilisha."

Nilifikiri anatania. Asubuhi ya safari nikakuta rimu mbili kwenye buti na mbili kwenye kiti cha nyuma, zimefungwa vizuri ndani ya blanketi mbili nene. Blanketi hizo nilizijua. Zilinunuliwa kwa ajili ya mama, ajifunike safarini.

"Zisikwaruzwe," kaka alisema.

Mama alikaa mbele na kanga yake mabegani. Mimi nilikaa nyuma, nimebanwa na rimu zilizovaa kuliko mama.

Pale juu kwenye kona za mlima wa Van Reenen theluji ilikuwa imeganda pembeni, na barabara ilikuwa imeloa, inateleza. Gari dogo mbele yetu lilipepesuka likasimama mkingamo. Letu lilishika barabara, likapita taratibu. Mama akasema, "Asante Yesu." Kaka akasema, "Mnaona mkono wa dereva?"

Kilomita moja kabla ya shamba, akasimama.

"Petit, kazi."

Mlima tulikuwa tumeuvuka, ndivyo alivyosema. Lakini njia ya shambani ilikuwa nyeupe, na inapanda. Niliiona. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Jeki haiwezi kuinua gari salama na mtu ndani, kwa hiyo mama alishuka akasimama kwenye theluji na viatu vya kanisani. Nilifungua blanketi moja nikamfunika. Kaka alilitazama, akasema, "Angalia lisiguse chini." Kisha akajipulizia manukato. Nilibadilisha magurudumu manne kwa vidole visivyosikia, na kila nati nilisikia nyuma yangu kifua cha mama kikipiga filimbi.

Hatukufika mita mia mbili. Mwinuko ulipoanza, matairi yalizunguka bure. Gari likaanza kurudi nyuma.

"Mwanangu, tunakwenda wapi?" mama aliuliza.

Tuliishia kwenye mfereji unaotoa maji ya zizi. Kinyesi cha ng'ombe, kijani, cha moto bado, kikapanda mpaka katikati ya rimu zinazong'aa. Nilimbeba mama mgongoni, nikazama mpaka magotini. Mzee alikuja na trekta. Aliangalia rimu, akaangalia ndani ya buti la gari, akaona matairi yenye meno.

"Haya mazuri, mbona yamelala?"

"Ni huyu petit, beau-père," kaka akajibu haraka. "Ndiye fundi."

Mzee akanitazama. Nikainamisha kichwa, kama vile ni kweli. Mahari ilipokelewa. Nyama niliyopewa sikuweza kuila. Vidole vilinuka zizi hata baada ya sabuni mara tatu, na mama alikohoa chumba cha pili.

Asubuhi mzee na familia yake walitoka kutusindikiza. Gari lilikuwa limeoshwa, bado na rimu kubwa. Kaka alitaka tuondoke hivyohivyo.

"Tutabadilisha mbele, wasipotuona."

"Hapana," nikasema. Sauti yangu ilinishtua mwenyewe. "Nabadilisha hapa. Mama atakaa jikoni kwenye moto mpaka nimalize."

"Unasema na nani?"

Nikaweka jeki, mbele ya wakwe wote. Mzee akaja akanishikia tochi, ingawa kulikuwa kumekucha kabisa. Rimu za kaka nilizirudisha tupu. Blanketi zote mbili nilimvika mama.

Kaka hasemi nami vizuri mpaka leo. Mama bado anakohoa. Nikisikia kikohozi hicho, simchukii kaka kama ninavyojichukia mimi, kwa sababu spana niliyokataa nayo asubuhi ile ndiyo ileile niliyokuwa nayo jana yake.

Nyinyi mliozaliwa wa mwisho, mlianzaje kukataa? Niandikieni, hata mistari miwili. Nasoma polepole pia, lakini nitasoma.