Mlango Mpana wa Saiga Yangu

Jumamosi waliniombea nipone. Jumapili watu wale wale walikuja na majembe kuchimba mashimo ya nguzo.

Nilikuwa nimeketi nje ya jiko la mama, kwetu Manga, shuka kichwani kwa sababu nywele zilikuwa zimekwisha na upepo wa mlimani hauna adabu. Dawa ya saratani ya tezi niliyotundikiwa hospitalini Kisii ilikuwa bado inanivuruga tumbo. Baba mdogo, ambaye tangu baba afe ndiye mwenye kauli bomani, alinieleza kwa upole kwamba wananijengea saiga, nyumba ya kijana, nipate mahali pa kupumzika. Nikamwuliza kwa nini nisipumzike kwa mama. Akasema mtu mzima anahitaji kwake. Nikamwuliza kwa nini utu uzima wangu haukuonekana nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani bila kazi. Akaenda kutazama mashimo.

Sote tulijua. Kwetu mwanamume aliyetahiriwa hatolewi katika nyumba ya mama yake kwenda kuzikwa. Hutoka kwake, na asiye na nyumba hujengewa haraka. Nilisomea sosholojia. Niliwahi kuandika insha kuhusu desturi hiyo na mhadhiri akaisifu. Haikunipitia akilini kwamba siku moja nitaisikia ikipigiliwa misumari nyuma ya dirisha langu.

Fundi alikuwa rafiki yangu. Tulisoma pamoja tangu shule ya msingi hadi chuo, akatoka na digrii ya biashara, lakini kilichokuwa kikimlisha ni ujenzi. Jioni ile alikuja kuketi nami, matope mpaka kwenye viwiko.

“Bosi, nimekuja kuchukua vipimo,” akasema. “Unapenda kulala chali ama ubavu?”

Mama alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Mimi nilicheka mpaka nikatapika, halafu nikaendelea kucheka. Tangu daktari aniambie jina la ugonjwa, watu walikuwa wakinong'ona mbele yangu kama walio mbele ya picha ya marehemu. Huyu alinisemesha.

Mama alipoingia ndani, nilimwuliza kwa nini amekubali kazi hiyo.

“Wakimpa mtu mwingine, ataimaliza,” akasema. “Yangu haitaisha. Na bila nyumba hawawezi kukuzika. Si unawajua kwa utaratibu?”

Nilimwambia hoja hiyo haisimami hata kwa mguu mmoja, saratani haisubiri mabati. Akaniuliza kama nina hoja bora.

Basi akaanza. Aling'oa nguzo iliyokuwa wima, akasema imeinama. Alikataa udongo wa hapa bomani, akataka wa bondeni. Mvua ya alasiri ikawa mshirika wake. Kila niliporudi kutoka Kisii, nikiwa mweupe midomo, alisimama mbele yangu kama mhandisi wa kaunti na kutoa ripoti: “Mheshimiwa, ukuta wa mashariki ulipata homa usiku, tumeulaza.” Mama mwenyewe alianza kucheka, akificha uso kwa leso.

Kisha baba mdogo akaagiza mlango wa mbao mbili, unaofunguka kulia na kushoto. Kwa nyumba ya chumba kimoja. Nilimwuliza kwa nini uwe mpana vile. Akasema ni wa kupitisha vyombo. Vyombo vyangu vilikuwa kitanda na katoni ya vitabu. Siku hiyo, badala ya ripoti, rafiki yangu alipima upana huo kwa hatua: watu wawili na jeneza katikati.

Dawa iliyofuata iliniangusha kabisa. Nilitolewa kwenye gari nikibebwa na wanaume wawili, na baba mdogo alisimama pale akinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilielewa anapima nini. Asubuhi alikuja na fundi mwingine kutoka Birongo. Kuta zikakandikwa, mabati yakapigwa, mlango ukasimamishwa.

Rafiki yangu alikuja akiwa na mikono safi. Hakuwa na la kuchekesha, ikabidi nitafute mimi.

“Umefutwa,” nikamwambia. “Na digrii yote hiyo, kumchelewesha mtu mmoja kumekushinda.”

Hakucheka. Alisema alidhani angeivuta kazi mpaka mvua kubwa.

Niliweza kusimama tena baada ya siku kadhaa, nikamwambia anibebee kitanda. Kama nyumba ni yangu, nitaiingia nikitembea. Mama alisema ukuta bado mbichi, nitapata kichomi. Nikamwuliza walikuwa wakimharakishia nani ukuta huo. Alilia, na sikumbembeleza.

Tulipoweka kitanda, rafiki yangu alitoa nyundo, akapigilia ubao wa kushoto wa mlango kwenye fremu, juu, katikati na chini. Ikabaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba anayetembea.

Baba mdogo alisikia nyundo, akaja kuuliza kuna nini.

“Ni upepo, baba,” rafiki yangu akajibu.

Baba mdogo aliigusa misumari mmoja mmoja, kisha akarudi alikotoka bila kuamuru ing'olewe.

Alipoondoka nilimwuliza rafiki yangu kama anajua kwamba misumari hung'oka.

“Najua,” akasema, akiirudisha nyundo mfukoni. “Lakini watakuja kuiazima kwangu.”

Ningependa kuandika kwamba nimepona. Nasubiri kipimo kingine. Ukuta umekauka, na kila asubuhi natoka kwa ubavu.